"Mpe simu mama": tezi iliyojificha nyuma ya presha

Kwenye daftari lake mama huyu alikuwa na magonjwa manne. Presha, mwaka wa tatu sasa. Mafuta kwenye damu. Upungufu wa damu: ukitibiwa damu inapanda, kisha inashuka tena. Na "msongo", neno ambalo mtu fulani aliliandika kwa wino mwekundu, akaliwekea alama ya kuuliza, kisha akamwandikia amitriptilini ya usiku. Kila ugonjwa ulikuwa na dawa yake, na kila dawa ukiitazama peke yake ilikuwa na sababu. Nalisema hilo mapema ili mtu asikisome kisa hiki kama hadithi ya wajinga na mjuzi. Mimi mwenyewe nilimwona mara mbili kwenye kliniki yetu ya magonjwa sugu, nikapandisha amlodipini, dawa yake ya presha, kutoka miligramu 5 hadi 10, nikamwambia apunguze chumvi, nikaita anayefuata.

Ana miaka 47, anauza dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza. Ameniruhusu kumsimulia, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyabadilisha.

Kwa asiyelijua ziwa: kazi ya dagaa ni ya alfajiri. Mitumbwi inaingia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, taa zikiwa bado zinawaka, na anayetaka mzigo mzuri awepo mapema. Halafu ni kuanika, kugeuza, kuanua mvua ikitishia, kufunga magunia ya kwenda Kahama na Shinyanga. Mama huyu ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa mwisho alianza kumtuma binti yake mwaloni, yeye akabaki nyumbani. Alituambia amechoka, nasi wote tukaandika "uchovu". Mwanamke wa umri huo anayeamka saa kumi alfajiri akisema amechoka, nani atamshangaa? Ndiyo maana hakuna aliyeutafuta uchovu huo unakotoka.

Mara ya tatu alikuja na binti. Ilikuwa Februari, saa sita mchana, feni ya chumbani imekufa, mimi jasho linanitiririka mgongoni. Yeye alikuwa na sweta chini ya kitenge, na khanga mabegani. Nililiona sweta lile bila kuliona. Simu yake ikaita, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwenye mashine ya presha, binti akaipokea kwa sauti ya nje na kumsogezea mdomoni. "Haloo," akasema mama. Upande wa pili mnunuzi akajibu: "Shikamoo mzee. Naomba umpe simu mama."

Binti akaangua kicheko. Mama, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, akasema, "Ni mimi mwenyewe." Kisha akanieleza, bila kuliona kama jambo la hospitali, kwamba wateja wapya wote humwita mzee, yapata mwaka na nusu sasa. "Ni moshi wa samaki, mwanangu." Nikamuuliza: mama, dagaa si huwa mnaanika juani? Akafikiri. Kweli, akasema, moshi ni wa jirani anayebanika sangara.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza niliyopaswa kuuliza siku ya kwanza, na majibu yalikuwa yamenisubiri tu. Baridi anaisikia hata mchana. Choo ni mara moja kwa siku nne. Hedhi, ambayo ingetegemewa ianze kupungua, ilikuwa inakuja nzito na kukaa siku tisa. Vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku, anaamka kuukung'uta mkono. Ngozi ya miguu kama ya mtu aliyetembea kwenye majivu. Uzito umepanda hadi kilo 71 ingawa hali sana. Uso umejaa, hasa chini ya macho. Uvimbe wa miguu nilikuwa nimeusingizia ile amlodipini niliyoipandisha mwenyewe. Safari hii nikabonyeza kidole juu ya muundi nikahesabu hadi kumi, na hakikuacha shimo. Maji yangeacha shimo.

Nikamwomba apige magoti juu ya kiti, nyayo zining'inie nje, ashike egemeo. Binti akasema mama anasali. Nikagonga kano ya kisigino kwa kinyundo. Mguu ulichupa chini kama miguu yote. Kurudi ndiko kulikokuwa na jambo: ulirudi taratibu, kwa kusitasita, kama mtumbwi uliozimwa mashine unavyosogea ufukoni wenyewe. Niligonga tena, na tena. Mara ya tatu hata binti aliona. Kinyundo kile kinakaa kwenye droo yangu miaka yote, na kwenye kliniki ya presha hakuna anayekitoa. Foleni ndefu inakufundisha kutazama namba ya mashine na daftari, basi.

Presha yake siku hiyo ilikuwa 138 kwa 104, akiwa kwenye dozi kamili. Mapigo 54 kwa dakika. Namba ya juu si mbaya sana. Ya chini ndiyo iliyokataa kushuka, na pengo kati ya hizo mbili limebana. Presha za wazee tunaowaona kila siku mara nyingi huwa kinyume: ya juu ndiyo inayopaa.

Yote hayo yalielekeza kwenye tezi ya thairoidi. Tezi hiyo, ambayo kamusi zinaiita dundumio na mtaani watu huikumbuka ikivimba tu ikawa rovu, imekaa mbele ya koromeo, mbawa mbili na daraja katikati. Inatoa homoni mbili. T4 ina atomu nne za madini ya joto, yaani ayodini, na ndiyo inayotoka kwa wingi. T3 ina atomu tatu. Nilimchorea mama kwa lugha ya biashara yake: T4 ni gunia, T3 ni kisado. Hakuna anayepika gunia. Linafunguliwa kwanza, likapimwa kwa kisado. Ini, figo na viungo vingine huing'oa atomu moja ya ayodini kutoka T4 ipatikane T3, na hiyo T3 ndiyo inayoingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamua kazi ifanyike kwa kasi gani. Juu ya yote kuna tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari, inayopiga kelele kwa homoni inayoitwa TSH. Gunia likipungua sokoni, kelele inapanda. Kwa hiyo TSH kubwa maana yake thairoidi imeshindwa kazi, na wengi wanaosoma majibu yao wenyewe hapo ndipo wanapojikanganya: wanaona TSH imepanda, wanadhani tezi inafanya kazi kupita kiasi.

Sasa rudi kwenye daftari lenye magonjwa manne. Homoni ya thairoidi hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Ikikosekana mishipa inabana, namba ya chini ya presha inapanda, na moyo wenyewe unapiga polepole. Ini linasafisha lehemu mbaya, yaani kolesteroli, kwa kutumia vipokezi vyake, na homoni ndiyo inayoliagiza livitengeneze. Agizo lisipofika, lehemu inabaki ikizunguka. Yake ilikuwa 7.6 kwa jumla. Uboho nao unapunguza mwendo wa kutengeneza damu, na hapo hapo hedhi nzito inaimwaga ile kidogo iliyopo: hemoglobini 9.4. Akili inakuwa nzito, usingizi mwingi usioburudisha, hamu ya watu inaisha, na hilo kwa wino mwekundu linaitwa msongo. Amitriptilini aliyopewa kwa ajili yake hufunga choo na kuongeza usingizi. Tulikuwa tunausaidia ugonjwa.

La statini ndilo lililoniuma zaidi. Kituo kimoja kilimwanzishia atorvastatini, dawa ya kundi la statini, kwa ajili ya lehemu. Baada ya wiki chache mapaja yakamuuma kiasi cha kushindwa kuinuka kutoka kwenye kigoda. Akaiacha. Kwenye daftari imeandikwa: "Hatumii dawa kama alivyoelekezwa." Misuli ya mtu mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi tayari ina hali mbaya, na statini juu yake huongeza hatari ya kuidhuru. Mwili wake ulimwambia ukweli, yeye akausikiliza, sisi tukamwandika mtoro.

Kipimo hatufanyi kituoni kwetu, kwa hiyo alipanda daladala hadi maabara mjini. Majibu: TSH 74, wakati kikomo cha juu cha maabara ile ni kama 4.5. T4 huru 3.6, inapopaswa kuwa kati ya 12 na 22. Hakuna la kujadili hapo.

Ila nilipokuwa nakunja karatasi ile kuiweka kwenye daftari, nikaikuta nyingine, imebanwa nyuma ya jalada pamoja na risiti. Miaka miwili nyuma alilazwa kwa nimonia kali katika hospitali moja, na daktari makini pale alipima TSH. Ilikuwa 9.2. Akaandika chini yake, kwa mwandiko safi: "Ni mgonjwa sana kwa sasa. Rudia baada ya wiki 6."

Aliandika vizuri kabisa. Mtu akiwa mahututi kwa ugonjwa wowote mkubwa, mwili hupunguza kubadilisha T4 kuwa T3, vipimo vya thairoidi huvurugika, na wakati anapona TSH inaweza kupanda kwa muda kisha ikarudi yenyewe. Tezi haina kosa hapo. Hata kwa mtu asiyelazwa, TSH iliyopanda kidogo ikiwa T4 iko sawa mara nyingi hurudi chini ukiipima tena baada ya wiki kadhaa, na kumwanzishia kila mwenye 6 au 7 dawa ya maisha ni kumzidishia mzigo. Kwa hiyo kusubiri kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni hizo wiki 6. Aliruhusiwa, akarudi Igombe, dagaa walikuwa wengi msimu ule, karatasi ikabanwa nyuma ya jalada. Mimi nililishika daftari hilo mara mbili.

Kwa nini tezi imeshindwa? Nyumbani walikuwa na majibu tayari. Shangazi alisema ni udaga, kwa kuwa ugali wao mara nyingi ni wa muhogo. Shangazi hakukosea sana: muhogo usioandaliwa vizuri una sumu ambayo mwili huigeuza tiosayanati, na hiyo huizuia tezi kunyonya ayodini. Lakini kuloweka, kuvundika na kukausha, kama wanavyotengeneza udaga, huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo, na shida hujitokeza hasa pale ambapo ayodini nayo ni haba. Jirani alisema ni samaki wa ziwani, kwamba hawana madini kama wa Dar. Kweli samaki wa bahari wana ayodini nyingi kuliko wa maji baridi. Ndiyo maana kuna chumvi yenye madini joto, iliyosambazwa nchini tangu miaka ya 1990. Nikauliza chumvi ya jikoni inatoka wapi. Binti akamtazama mama. Walikuwa wanachota kwenye gunia la chumvi ya mawe, ile ya kutilia samaki wa kayabo. Nikawaambia wanunue ya pakiti, waifunike, waitie mboga ikikaribia kuiva ili madini yasipotee kwa moto.

Lakini sikuamini kwamba chumvi ndiyo mchawi, na bado siamini. Tezi yake niliipapasa: ndogo, ngumu kama mpira, isiyo na rovu. Ukosefu wa ayodini kwa kawaida hukuza tezi. Tezi ngumu iliyochoka hivi kwa mwanamke wa makamo, asiye na kovu la upasuaji shingoni wala historia ya dawa za moyo au za akili zinazojulikana kuiharibu, mara nyingi imeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, ugonjwa aliouelezea Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Kingamwili zinapimika. Hatukuzipima, nauli na gharama vingekula hela ya dawa ya miezi, na jibu lisingebadilisha tiba.

Lililonitisha ni kaka yake aliye Unguja, aliyeahidi kutuma unga wa mwani kwa kuwa "una madini yenyewe". Unayo, tena kupita kiasi. Tezi iliyoshambuliwa na kinga ukiimiminia ayodini nyingi inaweza kuzimika zaidi. Nilimpigia kaka mwenyewe. Tulielewana vizuri, akasema basi ataupaka usoni.

Dawa ni levothairoksini, T4 ile ile iliyotengenezwa kiwandani. Mwaka 1891 George Murray kule Uingereza alianza kumchoma mwanamke wa miaka 46 maji ya tezi za kondoo kwa ugonjwa huu huu. Mwanamke yule aliishi hadi 1919, akafa na miaka 74. Kidonge cha leo ni rahisi zaidi. Kwa uzito wake hesabu ya mikrogramu 1.6 kwa kilo inatoa kama 114. Nilipima moyo kwanza kwa umeme, ukawa wa polepole lakini hauna dalili ya kukosa damu, nikaanza na 50 kwa wiki mbili kisha 100. Kwa mzee au mwenye moyo mbovu ningeanza chini zaidi, maana kuuamsha moyo ghafla kunaweza kuuangusha. Amitriptilini nikaisimamisha, statini sikumwanzishia tena, amlodipini nikairudisha 5.

Baada ya wiki nane, TSH 46. Imeshuka, lakini si kwa kiasi cha kutegemewa kwa dozi ile. Anajisikia nafuu kidogo, sauti bado ya mzee.

Nakiri mkono wangu ulishaanza kuandika 150. Na wazo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza: hamezi. Nikakumbuka statini, nikaona aibu, nikamwomba binti alete dawa zote jinsi zilivyo nyumbani.

Alileta kopo tupu la mafuta ya kupaka. Ndani vidonge vyote vimechanganyika: vyeupe vya thairoidi, vyekundu vya kuongeza damu, amlodipini, na vidonge vikubwa vya kalsiamu alivyouziwa na mtu apate mifupa imara. Kopo linakaa dirishani, jua la asubuhi linaligonga. Alikuwa anavimeza vyote kwa mkupuo mmoja saa nne, baada ya kumaliza kuanika, na chai ya maziwa na andazi. Kila siku, bila kukosa hata moja. Nilimwandikia 1×1, naye akameza 1×1.

Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu, na kalsiamu, hukamatana na levothairoksini tumboni, ikapita bila kunyonywa. Maziwa na chakula navyo hupunguza. Unyevu, joto na mwanga huiharibu hata kabla ya kumezwa. Ningepandisha hadi 150, ingefanya kazi kwa namna yake; halafu siku moja vidonge vya damu vingekwisha, dozi yote ingeingia ghafla, na tungekuwa na mama mwenye moyo unaokimbia ovyo. Ugonjwa mpya, daftari lile lile.

Tukapanga upya bila kubadilisha dozi. Kidonge cheupe kinabaki kwenye pakiti yake, ndani ya kabati. Anaamka saa kumi kwa ajili ya mwalo: anakimeza hapo hapo, kwa maji matupu. Chai ije saa mbili. Vidonge vya damu ni vya usiku akienda kulala. Kalsiamu iachwe, hakuwa na sababu ya kuitumia. Nikamweleza pia kwa nini tunasubiri wiki kadhaa kabla ya kupima: nusu ya T4 hukaa mwilini kama siku saba, kwa hiyo mwili unachelewa kuonyesha badiliko. Jambo hilo lina upande wa pili. Mtu akiishiwa dawa siku nne tano hasikii chochote, akadhani amepona.

Wiki nane baadaye TSH 8.1, na mara iliyofuata 3.2. Lehemu ilishuka hadi 5.3 bila statini. Hemoglobini 11.9, hedhi siku tano. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ambayo ilikuwa 121 na mtu akaandika "figo?" pembeni, mama akaishi miezi akiogopa mashine ya kusafisha damu, ilirudi 82, figo nazo zilikuwa zimepunguza mwendo tu. Ganzi ya mkono imeisha. Mguu ukigongwa unarudi kama wa binti.

Presha haikuondoka. Ni 128 kwa 84 na kidonge kimoja cha 5, na nikijaribu kukiondoa inapanda; mama yake mzazi alikuwa nayo pia. Na ule "msongo" haukuwa tezi yote. Kuna deni la mwenye mtumbwi tangu msimu mbaya, na hilo levothairoksini hailipi.

Amerudi mwaloni mwenyewe, sweta amempa shangazi. Binti nilimwambia kwamba ugonjwa huu hupenda kukaa ndani ya familia, na akipata ujauzito aombe kipimo mapema, kwa kuwa mtoto tumboni miezi ya mwanzo hutegemea homoni ya mama. Akasema kwanza apate mwanaume.

Sauti imelainika, lakini haijarudi yote. Nilimuuliza kama inamsumbua, kwamba tungeweza kuandika rufaa hospitali ya Bugando wamtazame koo. Akakataa. Wanunuzi wa Kahama, alisema, wakiongea na mzee wanatuma hela siku hiyo hiyo. Wakiongea na mama wanaomba wiki.